Simwinga na Namwinga

Irene Simwinga hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kuwa hodari. Shuleni, alipolijua jibu alisimama kabla hajaitwa, na asipolijua alisimama vilevile, akalitafuta akiwa wima. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa kumbukumbu katika zahanati ndogo ya misheni mjini Tunduma, hatua chache kutoka mpaka wa Zambia, na tabia ile haikuwa imemtoka. Ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza limejaribiwa na nani.

Kwa hiyo Mama Mercy alipokuja mapokezi na malalamiko yake, alikuwa amefika kwa mwenyewe.

Mama Mercy, jina lake Anastazia, aliuza mchele wa Kamsamba sokoni, na kwa kuwa aliolewa na kijana wa ukoo wa kina Irene, walikuwa mawifi. Hakuja kupiga kelele. Aliweka kadi mbili za kliniki mezani, moja ya mwanawe wa kwanza, Jastin, na nyingine ya mdogo wake, Mercy. Akaeleza kwamba Jastin alipotimiza miezi kumi na minane, ujumbe ulikuja kwenye simu kumkumbusha chanjo ya pili ya surua, naye akampeleka mtoto siku ileile. Mercy sasa alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na simu ilikuwa kimya.

"Wifi, nieleze," alisema. "Au surua ya siku hizi inachagua watoto wa kiume?"

Irene alimpeleka Mercy akachanjwe kwanza, kisha akafungua kompyuta. Zahanati ilitumia programu iitwayo Kadi, ya bure, ambayo ilikuwa imeenea katika zahanati nyingi za wilaya ya Momba na hata ng'ambo ya pili, Nakonde. Alimkuta Jastin Simwinga ametulia katika kaya ya baba yake, Luka Simwinga, na namba ya simu ya baba pembeni. Mercy Namwinga hakuwemo. Alimtafuta mpaka akamkuta peke yake chini kabisa, kwenye orodha iliyoandikwa "wasio na kaya". Asiye na kaya hana namba ya simu, na asiye na namba hatumiwi ujumbe.

Sababu aliiona mara moja, na ilimchoma. Kwa Wanyamwanga, kabila la kina Irene, jina la ukoo lina mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Mtoto wa kiume akiwa Simwinga, dada yake ni Namwinga. Kaka akiwa Silwimba, dada ni Nalwimba. Ni ukoo mmoja, baba mmoja, chungu kimoja. Lakini Kadi ililinganisha majina herufi kwa herufi, ikaona Si huku na Na kule, ikaamua kwamba hawa hawajuani.

Orodha ile ilikuwa na watoto arobaini na watatu. Arobaini na mmoja walikuwa wasichana.

Irene alikasirika, na hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Orodha ilikuwa imekaa mbele ya macho yake mwaka mzima, na yeye mwenyewe alizaliwa Namwinga. Jina la Simwinga alilipata shuleni. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu aliyekuwa na daftari alisema mtoto hubeba jina la baba kama lilivyo. Baba yake, Mzee Sadoki, fundi wa reli, alisimama mlangoni na kofia mkononi akasema kwamba binti yake ni Namwinga, na hilo ndilo jina alilompa. Mwalimu akajibu kwamba mambo ya Si na Na yabaki nyumbani, akaandika Simwinga. Likapanda kutoka daftari hadi cheti, kutoka cheti hadi kitambulisho. Mzee Sadoki peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Namwinga, tena kwa sauti, hata mbele ya wageni. Irene alitambua sasa kwamba kompyuta isingempoteza yeye, kwa sababu tu alikuwa ameandikwa vibaya.

Kwa siku tatu aliwatafuta wasichana arobaini waliobaki, kwa simu na kwa miguu, na wote wakafikiwa. Sista Atupele, muuguzi mfawidhi wa zahanati, alimpongeza na kusema kazi imekwisha.

"Ya kwetu imekwisha," Irene alisema. "Kamsamba je? Nakonde je? Kule nani atapita nyumba kwa nyumba?"

Sista Atupele alishauri wenye programu waandikiwe barua. Hapo ndipo Irene alipomkumbuka Gwamaka, fundi wa kompyuta kutoka Ileje aliyeisimika Kadi pale zahanati. Kwa miaka miwili Gwamaka alikuwa akimfundisha Irene kuandika programu ndogondogo kila Jumamosi, naye aliwahi kumwambia kwamba programu hii ni huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anausoma, akiona kosa analirekebisha na kupeleka marekebisho, na wanaoitunza wakiridhika wanayapokea. Hulipwi wala hulipi. Irene aliposikia hayo zamani aliyaacha yapite. Sasa alimpigia simu kuuliza aanzie wapi.

Gwamaka, mtu wa maneno machache, alimwambia aanze na kitu kidogo, labda kusahihisha tahajia katika maelezo ya Kiswahili, ili wamzoee. Irene alijibu kwamba tahajia haijamnyima mtoto yeyote chanjo. Gwamaka akacheka, akamwambia basi aharakishe. Toleo jipya la Kadi lingetoka tarehe mosi Juni, na mlango wa marekebisho ungefungwa Mei ishirini na nane. Toleo la kufuata lilikuwa la Desemba. Siku ile ilikuwa Mei tatu. Akikosa hapa, wasichana wa zahanati zile zote wangekaa kwenye orodha ile miezi sita mingine, na surua haina kalenda.

Muda alioupata ni wa chakula cha mchana. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki chumba cha mafaili na kompyuta mpakato aliyoachiwa na mganga aliyehama, chapati moja kushoto na daftari kulia, huku malori ya foleni ya mpakani yakinguruma nje. Sista Atupele alipomkuta ameinama hivyo alimuuliza anafanya nini.

"Naandika kodi, Sista."

"Kodi ya nini tena? Wale wa mpakani hawakututosha?"

Tangu siku hiyo Irene aliliacha neno la Kiingereza akasema msimbo, maana Tunduma neno kodi lina mwenyewe.

Kulikuwa na kisa kingine, cha saa. Chumba cha mafaili kilikuwa upande wa mpakani, na simu ya Irene ikikaa humo hudandia mtandao wa Zambia, ambako saa iko nyuma kwa saa nzima. Mara mbili alifanya kazi kwa raha akijua bado ni saa saba, kumbe mapokezi watu wamejaa na ni saa nane ya Tanzania. Sista Atupele alimwambia mbele ya wagonjwa kwamba akitaka kula kwa saa ya Zambia, akaajiriwe Nakonde. Irene alinunua saa ya ukutani siku hiyohiyo, akaitundika mwenyewe.

Kuusoma msimbo wa watu ni kama kuingia jiko la mwenzako: kila kitu kipo, lakini hujui chumvi inakaa wapi. Siku nne zilipita kabla hajapata mahali Kadi inapolinganisha majina. Ilikuwa mistari sita tu. Mistari sita iliyowatenga watoto wote wale, na aliyeiandika hakuwa na ubaya wowote moyoni.

Kabla ya kugusa kitu aliamua kujitambulisha, maana huingii uani kwa watu bila hodi. Aliandika kwa Kiingereza, aya tatu. Aliwajulia hali wote, akauliza habari za kazi na za familia, akajitaja anakotoka, akawashukuru kwa programu, na mwishoni kabisa akagusia kwamba kuna jambo dogo kuhusu majina. Akabofya. Kabla hajameza funda la chai, jibu likaja: ombi lake limefungwa, kwa sababu hakujaza sehemu ya maelezo ya kosa wala hatua za kulirudia.

Aliyemfungia hakuwa mtu. Ilikuwa ni mashine iliyowekwa kupokea wageni. Gwamaka aliposimuliwa alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena. Alimwambia kule watu hawasalimiani, wanaingia na kosa moja kwa moja. Irene alisema salamu atazipunguza lakini hataziacha, na alitimiza. Barua ya pili ilianza na mstari mmoja, "Natumaini nyote hamjambo," ndipo yakafuata maelezo ya kosa, hatua za kulirudia, na marekebisho yake mwenyewe: kanuni inayosema kwamba Si na Na zikiwa mwanzoni mwa majina ya ukoo yaliyobaki sawa, hao ni wa kaya moja. Penye nafasi ya sababu aliandika: "Simwinga na Namwinga ni jina moja. Kila mtu anajua."

Alisubiri siku tano. Tarehe kumi na nane Mei jibu likaja, na safari hii lilitoka kwa mtu. Mwanamke aitwaye Halina, mmoja wa watunzaji wa Kadi, aliandika hivi: "Sisi hatujambo, asante kwa kuuliza, ni nadra tuulizwe. Kanuni yako inafanya kazi. Lakini kila mtu ni nani? Mimi sijui jambo hili, na nikipitisha nisilolijua naweza kuwaunganisha watoto wasio ndugu. Tafadhali nieleze kama mgeni."

Irene aliona amedharauliwa. Alianza kuandika jibu lenye pilipili, kwamba kama hawajui wangeuliza kabla ya kuleta programu yao Momba, lakini saa ya ukutani ilimwambia ni saa nane kamili. Akafunga kompyuta, jibu likiwa halijatumwa, akaenda mapokezi.

Pale alimkuta Gloria, muuguzi aliyehamia mwezi uliopita kutoka Singida, akisubiri mgonjwa atoke. Gloria alimvuta pembeni akashusha sauti.

"Dada Irene, usinielewe vibaya. Mbona huku akina mama wengi wamezaa na wanaume tofauti? Kila nikiandika, mtoto wa kiume ana jina la baba, wa kike ana jina la mtu mwingine. Mimi nawahurumia, siwaulizi."

Irene alimtazama mwenzake, mtu mwenye stashahada na moyo mzuri, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akiwahurumia wanawake wa Tunduma kwa dhambi ambazo hawakutenda. Alitaka kucheka na alitaka kuficha uso. Kila mtu anajua! Hata mtu anayekunywa naye chai kila asubuhi hakujua, na hakuna aliyemwambia, maana jambo ambalo kwenu liko wazi halikujii kulisema. Halina alikuwa mbali zaidi ya Singida, na yeye angalau aliuliza. Irene alilifuta lile jibu la pilipili.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda nyumbani kwao, kijijini Mpemba, akakaa na baba yake uani, daftari magotini, akamwomba amweleze habari za Si na Na kana kwamba yeye ametoka nchi nyingine. Mzee Sadoki alidhani anataniwa. Alipoona kalamu imetoka, alivua kofia.

"Andika hivi, Namwinga," alisema. "Jina hili ni ulinzi. Kijana wetu akienda ng'ambo, akakutana na binti mzuri, wa kwanza kuzungumza ni jina. Akisikia Namwinga, anajua huyu ni dada yangu, hata kama hajawahi kumwona, anamsalimia na kupita. Si na Na zinawaambia watu kwamba hawa ni ndugu. Hiyo mashine yenu imesoma kinyume."

Irene aliandika yote, na Jumatatu aliyatafsiri. Alieleza mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, akatoa mifano sita ya koo, akaongeza kwamba mama wa watoto hubaki na jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo naye asiunganishwe kwa jina. Alimtaja Mercy bila jina lake. Alitaja arobaini na mmoja kati ya arobaini na watatu. Mwishoni aliandika kwamba alikosea kusema kila mtu anajua, kwa kuwa hata mfanyakazi mwenzake hakujua. Akabofya. Aliamini ameeleza vizuri, na kweli alikuwa ameeleza vizuri.

Jibu la Halina lilikuja siku ya pili yake, nalo lilikuwa refu. Alisema amelisoma mara mbili, kisha akasimama akaenda dirishani. Yeye ni wa Poland. Jina lake la ukoo ni Zalewska, na la baba yake ni Zalewski. Kwao mwanamume na mwanamke wa nyumba moja hutofautiana herufi ya mwisho. Miaka minne alikuwa akiitunza Kadi, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba programu yake mwenyewe ingemkana mbele ya baba yake. "Kwenu tofauti iko mwanzoni, kwetu iko mwishoni," aliandika. "Tusiandike kanuni ya Tunduma peke yake. Tutengeneze jedwali, kila mahali waandike jozi zao. Unaweza kulifanya kufikia tarehe ishirini na nane?"

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Irene alijibu neno moja, naweza, kisha ndipo akaanza kufikiri ataweza vipi.

Siku nne zile alijifunga kibwebwe. Sista Atupele, ambaye mwezi ule alikuwa akimsema kwa kuchelewa, alimwongezea saa moja ya mchana na kukaa mapokezi yeye mwenyewe, akidai anataka kupumzisha miguu. Jedwali lilikubali upesi. Majaribio ndiyo yaliyosumbua: Kadi ilikuwa na mitihani mia mbili na kidogo, na kila marekebisho lazima yaifaulu yote. Mara ya kwanza kumi na moja ilianguka, kwa sababu Irene aliacha jedwali likate Na na Si hata kwenye majina ya kwanza, likawageuza akina Naomi kuwa Omi na akina Silas kuwa Las. Aliona aibu kidogo, akalifungia kwenye majina ya ukoo tu. Mara ya pili ilianguka mitatu, kwa herufi kubwa na ndogo. Tarehe ishirini na saba, saa saba na dakika arobaini, kwa saa ya ukutani, yote ilifaulu. Kwenye jedwali jozi ya kwanza ilikuwa Si na Na, ya pili ski na ska. Alipeleka, akala chapati yake ya jana.

Kesho yake asubuhi Halina aliyapokea. Aliandika kwamba marekebisho yameingia na yatatoka na toleo jipya, akamshukuru, akamjulia hali na watu wa nyumbani kwake pia. Kisha akauliza swali la mwisho. Kila toleo huambatana na orodha ya waliolichangia, na jina huandikwa kama mwenyewe anavyotaka. Akaunti yake inasema Irene Simwinga. Liandikwe hivyo?

Irene, mtu wa kujibu kabla hajaitwa, alikaa na swali lile mpaka chai ikapoa. Tangu azaliwe hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza. Kisha akaandika.

Juni mosi toleo lilitoka, na Gwamaka akalisimika zahanati kabla ya saa nne. Irene alifungua orodha ya wasio na kaya mbele ya Sista Atupele na Gloria. Walikuwa wamebaki watoto wawili, wavulana wote wawili, wa familia moja iliyohamia bila simu. Wale wengine walikuwa wamerudi kwa baba zao, Nalwimba kwa Silwimba, Nachone kwa Sichone. Jioni hiyo mganga wa Kamsamba alipiga simu kuuliza mbona kompyuta yake imewatumia ujumbe watoto sitini na wawili kwa mkupuo, kuna nini. Irene alimwambia awe na chanjo za kutosha.

Jumapili alimpelekea baba yake simu ikiwa imefunguliwa kwenye orodha ya waliochangia. Mzee Sadoki alivaa miwani, akashusha kidole polepole, jina baada ya jina, majina ya watu wa nchi asizozijua. Katikati kidole kikasimama. Alisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kama alivyosoma siku zote mbele ya wageni.

"Irene Namwinga."

Alivua kofia akaiweka gotini.

"Hilo," alisema, "ndilo nililomwambia yule mwalimu."